Kofia Ndani ya Teksi Ndogo

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Kibiriti alikuwa anavua viatu mlangoni, anaosha vyombo huku ananung'unika, kisha anakwenda kuketi kwenye meza ya Mjomba iliyokuwa pembeni mwa sebule. Jina hilo la Kibiriti alipewa na Babu yake, kwa sababu ya umbo lake dogo na hasira zake za kuwaka upesi. Shuleni alikuwa na jina lingine, lakini mtaani ungelitaja hilo hakuna ambaye angegeuka, hata yeye mwenyewe.

Mjomba wake alikuwa fundi wa majokofu. Mchana alihangaika na majokofu makubwa ya maduka na bucha, na jioni aliunda magari madogo ya plastiki, ya kukaa kiganjani. Vipande vya gari vilikuja ndani ya boksi vikiwa vimeshikana kwenye vijiti, kama matunda kwenye vikonyo. Mjomba alivikata kimoja kimoja kwa kikata kucha, akavilainisha kwa msasa, akavipaka rangi kwa brashi nyembamba, akaviunganisha kwa gundi. Watu walimcheka kwamba mtu mzima na ndevu zake anachezea vigari. Yeye aliwajibu kwamba vigari vyake havinywi mafuta wala havisimamishwi na askari, je, vyao?

Kibiriti alikuwa mwanafunzi wake. Alijua kushika kipande kwa kibano bila mkono kutetemeka, na alijua sheria za gundi. Vipande vya mwili wa gari viligundishwa kwa gundi ya plastiki. Vioo, ambavyo navyo vilikuwa plastiki angavu, viligundishwa kwa gundi nyeupe ya seremala, kisha gari likaachwa wazi mpaka kesho yake. Ile gundi kali ya kitubu kidogo, inayoshika papo hapo na kuunganisha hata vidole, haikuruhusiwa kabisa kukaribia vioo. Kibiriti hakuwahi kuuliza kwa nini. Alidhani Mjomba anapenda tu kuchelewesha mambo.

Muhula ule walikuwa wanaunda teksi ya Babu. Babu aliendesha teksi tangu ujanani mpaka mtoto wa jicho alipomtia ukungu macho yote mawili, teksi ikauzwa, na yeye akabaki kukaa barazani akiwatambua watu kwa sauti zao. Sasa alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza, na Mjomba alitaka akirudi aione teksi yake tena. Aliipaka rangi ya buluu yenye mstari mweupe milangoni. Hata lile bonyeo la nyuma, ambalo Babu alisema ni kosa la punda na si lake, Mjomba alilitengeneza kwa kulibonyeza bamba la plastiki kwa kijiko cha moto.

Kofia ilikuwa kazi ya Kibiriti. Babu alipokuwa akiendesha, alikuwa na kofia ya kijivu ambayo aliivua akiingia garini na kuiweka kwenye kiti cha kushoto. Kibiriti alichukua karatasi laini, akailowesha kwa gundi, akaifinyanga juu ya punje ya mahindi, akaipaka rangi. Mjomba aliitazama kwa muda, akasema kofia hiyo ingemfaa panya wa heshima zake. Kibiriti alilala na furaha siku hiyo.

Teksi ilipokamilika, Mjomba aliitwa kwenda mbali kufunga majokofu kwenye ghala la samaki. Aliiacha teksi mezani, wazi, na boksi lake pembeni. Alimwambia Kibiriti kwamba vioo bado vinakauka, na kwamba hakuna mkono kugusa mpaka Babu aione. Kibiriti akaitikia vizuri kabisa. Kuitikia hakujawahi kumshinda.

Siku ambayo Babu alikuwa anafanyiwa upasuaji, Mama alikwenda naye hospitali, na Kibiriti akabaki nyumbani na ile teksi. Aliizunguka. Aliinama akachungulia kupitia kioo cha mbele, na hapo akaona kitu kilichomkera: kofia imekaa upande. Ilikuwa imeinama kidogo kuelekea mlangoni. Akajiambia kwamba Babu atafungua macho mapya halafu aone kazi ya ovyo ya mjukuu wake. Hilo hakuliweza.

Akachukua bisibisi ndogo, akafungua skrubu iliyokuwa chini ya gari, akainua bodi. Kofia ilikuwa imeshika kwenye kiti, haisogei. Alipokuwa anairudisha bodi, dole gumba lake likabonyeza kioo cha mlango wa dereva, na kioo kikatoka, tik, kikaanguka mezani.

Alijua la kufanya: gundi nyeupe, kisha kusubiri. Lakini Mama angerudi wakati wowote, na angekuta gari limevunjwa vipande viwili juu ya meza isiyotakiwa kuguswa. Kwenye cherehani ya Mama palikuwa na kitubu cha gundi kali ya kugundishia soli za viatu. Kibiriti alikifinya kwa pupa, yakatoka matone mengi kuliko alivyotaka, akabandika kioo. Kilishika hapo hapo. Akafunga skrubu, akaitia teksi ndani ya boksi, akafunika, na ili asiwepo mtu wa kuchungulia akazungusha utepe wa kugundisha pande zote. Mama aliporudi alimkuta anafagia, jambo ambalo lingepaswa kumtia shaka.

Kesho yake Babu alirudi nyumbani amevaa miwani nyeusi, na nyumba nzima ikachangamka. Daktari alikuwa amemfungua bandeji, na alimweleza kwamba vitu vya mbali ataviona kwanza, vya karibu vitakuja polepole mpaka apate miwani ya kusomea. Alimwambia pia kwamba akiona ukungu umerudi aseme mara moja. Babu aliketi barazani akawa anawatangaza wapita njia kabla hawajasalimia. Alimtambua rafiki yake kinyozi tangu yuko kwenye kona, akamtania kwamba kumbe uso wake umezeeka hivyo na siku zote amekuwa akijificha nyuma ya sauti nzuri. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Jioni Mjomba alipiga simu. Alimwambia Babu kwamba kwenye meza ya sebuleni kuna gari lake, na ndani ya gari, juu ya kiti cha kushoto, kuna kitu chake. Akaongeza, kwa utani, kwamba akikiona kitu hicho basi ajue jicho limepona kabisa, hakuna haja ya daktari.

Babu alimwambia Kibiriti amletee chumbani, na boksi lilipofika wakakaa kulifungua pamoja. Babu alikata utepe kwa wembe taratibu, akaitoa teksi, akaishika kwa mikono miwili. Aligusa mstari mweupe, akagusa lile bonyeo, akasema punda yule Mungu anamwona. Kisha akaisogeza karibu na taa, akainamisha kichwa, akachungulia ndani.

Kibiriti naye akatazama. Vioo vyote vilikuwa vyeupe. Havikuwa na vumbi wala rangi. Vilikuwa na ukungu kwa ndani, mzito, kama vioo vya jikoni maji yakichemka, na ndani ya gari hakikuonekana kiti, usukani wala kofia. Hakuelewa imekuwaje, ila alielewa kwamba ni ile gundi.

Babu alivua miwani nyeusi. Aliisogeza teksi mbali, akaisogeza karibu. Alipandisha mkono kutaka kulisugua jicho, akakumbuka kwamba amekatazwa, akaushusha.

"Kibiriti," alisema, "juu ya kiti kuna kitu?"

"Kipo, Babu."

"Wewe unakiona?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa fupi. Lakini akilisema, ataulizwa kwa nini, na ataulizwa habari ya skrubu, na ya meza, na ya katazo la Mjomba.

"Nakiona," akajibu. "Ni kofia yako."

Babu aliirudisha teksi ndani ya boksi, akalifunika vizuri, akalisukuma uvunguni mwa kitanda. Alisema amechoka, na kwamba amwambie Mama asimwekee chai.

Kuanzia hapo Babu akabadilika. Hakukaa tena barazani kuwatangaza watu. Mama alipomletea dawa ya matone alimwuliza ni ya kazi gani. Halafu akasema jambo lililomfanya Mama asimamishe cherehani katikati ya mshono: lile jicho la pili liachwe kama lilivyo, yeye haendi tena hospitali, na asiulizwe. Mama alimbembeleza, akamwuliza kama kuna mtu amemkosea. Babu alijibu kwamba hakuna aliyemkosea, uzee tu. Mama akaenda kulia uani, akidhani ni yeye.

Kibiriti aliyaona yote hayo. Shuleni mwalimu alimwuliza swali la hesabu akajibu "kofia," darasa zima likacheka, na yeye hakuwaka hata kidogo. Babu alipokuwa msalani, aliingia uvunguni, akaitoa teksi, akavisugua vioo kwa kitambaa kwa nguvu zake zote. Ukungu haukutoka, kwa kuwa ulikuwa ndani. Akairudisha na kujiambia kwamba Mjomba akija atatengeneza, na mambo yataisha yenyewe. Lakini siku ya Babu kurudi kwa daktari ilikuwa kesho, na Mjomba alikuwa hajafika, na Babu alikuwa ameshasema haendi.

Alasiri hiyo kinyozi alikuja kumnyoa Babu ndevu. Kibiriti alikuwa koridoni na beseni la maji, mlango wa chumba umerudishwa nusu. Alisikia kinyozi akimwambia Babu aache ukaidi, mficha maradhi kifo humuumbua. Babu akasema kwa sauti ya chini kwamba atamwambia yeye tu. Ukungu umerudi. Vya mbali anaviona, lakini ndani ya kile kigari hakuona chochote isipokuwa weupe uleule wa zamani, na hataki binti yake ajue, maana amehangaika mno kwa ajili ya jicho hilo na hana nguvu ya kumhangaisha kwa la pili.

Kinyozi akamwuliza kama ana uhakika. Labda kigari chenyewe kina kasoro.

"Nilimwuliza mjukuu wangu," Babu akasema. "Yeye aliona, mimi sikuona. Na yule mtoto ana hasira, ana mdomo, ana kila kitu, lakini kunidanganya hajawahi."

Beseni likawa zito mikononi mwa Kibiriti. Aliliweka chini. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na alitamani Babu angemtukana tu, kuliko kumsifia namna ile. Akasukuma mlango akaingia.

"Babu, hata mimi sikuiona."

Babu aligeuka, povu la sabuni limejaa shavu moja. Kibiriti alijua akinyamaza hata kidogo hataweza kuendelea, kwa hiyo alisema yote kwa pumzi moja, kofia iliyokaa upande, skrubu, kioo, gundi ya viatu, utepe. Alisema ukungu umo ndani ya gari na haumo machoni mwa Babu. Alisema aliogopa.

Babu alimwambia alete boksi. Akampa kinyozi ile teksi, akamwuliza yeye anaona nini ndani. Kinyozi aliigeuzageuza, akasema anaona maziwa, na kama kuna kofia humo basi imeshazama.

Babu akauliza, kana kwamba anaogopa kuisikia sauti yake, "Kwa hiyo jicho langu ni zima?"

"Zima, Babu."

Mzee alijifunika uso kwa taulo la kinyozi, na mabega yakawa yanatikisika. Kibiriti hakujua kama anacheka au analia, na Babu alipolishusha taulo, alikuwa amefanya vyote viwili. Lakini alipomtazama mjukuu wake uso ulikuwa mkali. Alimwambia kwamba kioo kuvunjika si kitu, vioo vya teksi yake halisi vilivunjika mara nyingi. Kilichomwuma ni kwamba alimwuliza kitu usoni kwa sababu anamwamini, na akajibiwa uongo, na kwa uongo huo angekubali kuwa kipofu wa jicho moja mpaka anaingia kaburini. Kibiriti alilia. Babu hakumbembeleza. Alimwambia aende uani akamweleze mama yake mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa sababu na yeye ana machozi aliyoyalia bure.

Hiyo ndiyo ilikuwa safari ngumu kuliko zote, kutoka chumbani mpaka uani. Mama alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika nguo iliyolowa. Hakumpiga. Alimkataza kukaa kwenye meza ya Mjomba mpaka likizo, akamkabidhi kazi ya kumwekea Babu dawa ya matone asubuhi na jioni bila kukumbushwa. Kesho yake walikwenda hospitali wote watatu. Daktari alimulika jicho, akasema limepona vizuri, na akampangia Babu siku ya jicho la pili.

Mjomba aliporudi alikuta teksi mezani na Kibiriti amesimama pembeni yake kama mshitakiwa. Alisikiliza, akakuna ndevu, akafungua skrubu. Alimweleza kile ambacho Kibiriti hakuwahi kuuliza. Gundi kali ikikauka hutoa mvuke, na mvuke huo ukipata kioo cha plastiki hukaa juu yake na kuwa ukungu mweupe.

"Ungeiacha wazi mezani, mpwa wangu, upepo ungeuchukua mvuke mwingi," alisema. "Labda kingeharibika kioo kimoja tu. Lakini uliifungia kwenye boksi na utepe juu. Mvuke ukakosa pa kwenda, ukala vioo vyote."

Babu, aliyekuwa anasikiliza kutoka kwenye kiti chake, akatikisa kichwa.

"Hata teksi kubwa iko hivyo hivyo," akasema. "Siku ya mvua kioo kinaingia ukungu. Dereva mgeni anasugua kwa nje, anasugua, anatukana mvua. Ukungu uko ndani. Dereva mzoefu anafungua dirisha, basi. Sikiliza, Kibiriti. Kosa lako lilikuwa dogo, la kioo kimoja. Ulipolifungia likaenea vioo vyote, likaingia mpaka kwenye jicho langu na machoni mwa mama yako. Siku nyingine ukikosea, fungua dirisha mapema, hata kama upepo utakaoingia ni wa baridi." Akaongeza, "Na mimi nilifunga langu. Ningemwambia binti yangu siku ile ile, angewasha taa akatazama gari, mambo yakaisha. Wote wawili tumefundishwa na gundi ya viatu."

Mjomba alivitoa vioo, akavisugua kwa kitambaa laini na dawa ya meno kidogo mpaka vikang'aa. Kimoja tu kilikataa, kile cha mlango wa dereva. Kwa gundi yote aliyokifinyia Kibiriti, kilikuwa kimeshika kama jino, na sehemu ilipomwagikia ilikuwa imeungua. Mjomba alisema ataagiza kingine. Babu akakataa katakata. Alisema gari ni lake na kioo ni chake.

Jicho la pili likapona, miwani ya kusomea ikaja, na likizo ikafika. Asubuhi ya kwanza ya likizo Babu alimwita Kibiriti barazani. Teksi ilikuwa mapajani mwake. Alichungulia kupitia kioo cha mbele, akavuta midomo.

"Kofia imekaa upande," akasema.

Kibiriti akainamisha kichwa. Alisema ndiyo aliyotaka kuinyoosha siku ile.

"Uinyooshe kwa nini? Hivi ndivyo nilivyokuwa naiweka. Nilikuwa naitupa tu."

Kisha akaigeuza teksi, akauelekeza ule mlango wa dereva usoni mwa mjukuu wake, akamwuliza kupitia hapo anaona nini. Kibiriti alisogea karibu, akatazama vizuri, hakuwa na haraka.

"Hapo sioni kitu, Babu."

"Hata mimi," Babu akasema, akampa teksi aishike.